Mlango wa Waliokwisha Kusema

Hii ilikuwa mara ya nne Mwajabu kusimama mbele ya duka la Badru, mfuko uleule mkononi, jasho lilelile shingoni. Jua la Temeke lilikuwa limeshalegea. Wakaanga chipsi walikuwa wanawasha majiko. Badru alipomwona tu, akainama na kujifanya anapanga mabeseni.

"Badru, mdoli wako huu hapa."

"Dada Mwajabu, tulishaongea. Leta risiti."

"Risiti ulinipa? Si uliniandikia kwenye kipande cha boksi la sabuni!"

"Sasa mie niupeleke wapi bila risiti? Wa jumla kule Kariakoo hawapokei."

"Kariakoo nimeenda jana. Wameniambia nirudi kwako. Wewe unaniambia niende kwao. Mnanipiga danadana nyie, si ndiyo?"

Badru akaendelea kupanga mabeseni. Redio yake iliyokuwa juu ya rafu ilikuwa inatoa tangazo lile lile la wiki mbili sasa: midoli yote ya kusema, yenye ua jekundu mgongoni, irudishwe ilikonunuliwa. Kifuniko cha betri kinafunguka kirahisi, na mtoto akimeza betri anaweza kufa. Irudishwe, irudishwe... Tangazo lilikuwa tamu kweli redioni. Madukani hakuna aliyelijua.

Mwajabu alikuwa msusi. Siku nzima alisimama nyuma ya vichwa vya watu barazani kwake, na kila jioni tangu Jumamosi alikuwa akizunguka na mdoli kama mtu aliyepewa adhabu. Mumewe, Anwar, dereva wa lori, alimwambia kwa simu kutoka Tunduma, "Si uutupe jalalani, ishu iishe?" Angeutupa zamani. Ila kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia Anwar, maana hakujua aanzie wapi.

Binti yao Najma, mwenye miaka mitano, alikuwa hajasema neno kwa siku kumi na moja.

Hakuwa mgonjwa. Alikula, alicheza, alilia machozi bila sauti. Daktari alimmulika koo, akampiga na picha, akasema hakumeza kitu, koo ni zima. Jirani yao Sekela, mama wa Kinyakyusa wa chumba cha pili, ndiye aliyemvuta Mwajabu pembeni na kumnong'oneza: "Mwili unao wewe. Sauti imechukuliwa msukule, kwa uchawi." Mwajabu akamcheka. Mambo ya shamba hayo, alisema moyoni.

Siku hiyohiyo alifungua kifuniko kwa kucha, akatoa betri zote tatu za mdoli, akazitupa chooni. Mdoli wenyewe akauweka juu ya kabati. Alikuwa anaosha vyombo aliposikia, kutoka juu kule...

"Mama. Huku kuna giza."

Sauti ya Najma. Na Najma alikuwa amekaa mlangoni, mdomo umefumba, anamtazama.

Sasa, mbele ya Badru, Mwajabu aliufungua mfuko na kuulaza mdoli juu ya meza. Nywele zake za nailoni alikuwa amezisuka mwenyewe, twende kilioni, mistari sita, kama kichwa cha mwanawe.

"Hauna betri," alisema. "Chungulia mwenyewe."

Badru akachungulia. Tundu tupu.

"Kwa hiyo? Ndiyo vizuri, hauna hatari te—"

"Shikamoo, anko Badru."

Hivyo ndivyo Najma alivyomwamkia kila alipotumwa dukani. Kithembe kidogo mwishoni, pale kwenye Badru. Beseni lilimtoka Badru mkononi, likabiringika hadi barabarani. Hakuitikia marahaba. Alichana kipande cha boksi, akaandika haraka.

"Kurasini. Godauni la bati la bluu, nyuma ya yadi ya makontena. Mwisho saa kumi na mbili na nusu." Akausukuma mdoli na mfuko kuelekea kwa Mwajabu kwa ncha ya fimbo ya fagio. "Na dada, tafadhali... usinirudishie tena hapa."

"Ulikuwa unajua mahali siku zote hizi?"

Badru alishaanza kushusha mlango.

*

Bodaboda ilimfikisha Kurasini saa kumi na mbili na robo. Malori yalikuwa yamepanga mstari hadi barabara kuu, na harufu ya dizeli ilikaa kooni. Kwenye geti la godauni alikuwapo mlinzi wa makamo, kitambulisho kifuani kimeandikwa Romani.

"Tumefunga."

"Kaka, ni na robo hii! Nimeambiwa mwisho na nusu."

"Aliyekuambia hakai getini, mama. Mie ndiye nakaa getini."

Kitu kikakatika ndani ya Mwajabu. Siku nne. Kariakoo, Temeke, Kariakoo, Temeke. Alikaa chini pale pale kwenye vumbi, akaupakata mfuko. "Basi nalala hapa. Utaniamkia asubuhi."

Romani akafungua mdomo amfokee. Mfuko ukamtangulia.

"Mama... nimechoka kungoja."

Mlinzi alirudi nyuma hatua moja. Aliposema tena, ilikuwa kwa sauti ya chini.

"Huyo ameshasema?"

"Unasikia mwenyewe."

"Sauti ya nani?"

"Ya mwanangu."

Romani akatazama kushoto, akatazama kulia. Akafungua geti. "Wanaoleta kabla hawajasema, wanapita mlango mkubwa huu. Wanapewa karatasi, wanaondoka. Nyie wa waliokwisha kusema, mlango wenu ule pale."

Ulikuwa mlango mdogo wa chuma, ubavuni mwa jengo. Haukuwa na kibao.

"Na ile habari ya betri?"

"Mtu ukimwambia betri, analeta. Ukimwambia hilo lingine, atakucheka."

Ndani kulikuwa na meza moja, taa moja, na harufu ya udi iliyochanganyika na plastiki iliyoungua. Nyuma ya meza alikaa mwanamke mwembamba, glavu nyeupe mikononi, daftari kubwa mbele yake. Hakuinua uso.

"Jina la mtoto."

"Najma Anwar."

"Umri."

"Mitano."

"Neno lake la mwisho kabla hajanyamaza."

Hakuna daktari aliyemuuliza hivyo. "Alisema... sitaki kulala."

"Kwa mtu, au kwa mdoli?"

"Kwa mdoli. Mdoli kazi yake kurudia. Ukisema, unarudia. Lakini siku ile..." Ndipo alipokumbuka. "Siku ile Najma ndiye aliyekuwa anarudia."

Mwanamke akaandika, polepole, bila kushangaa. Akauchukua mdoli, akausukuma kwenye kidirisha cha ukutani nyuma yake. Ukadondoka upande wa pili. *Puu.* Akagonga muhuri.

"Tayari. Nenda nyumbani."

"Tayari nini? Na sauti ya mwanangu?"

"Tangazo limesema mrudishe midoli, mama. Tumeipokea. Hayo mengine hayamo kwenye fomu."

"Hayamo kwenye fomu?"

"Hayamo."

Mwajabu hakukumbuka baadaye alivyoizunguka ile meza. Alichokumbuka ni mlango wa pembeni ya kidirisha, na bega lake lilivyouma alipousukuma. Akaingia. Wakati huohuo umeme ukakatika.

Giza.

Adhana ya magharibi ilisikika mbali, kama imefunikwa na blanketi. Mule ndani palikuwa na joto, na harufu... harufu ya vichwa vya watoto waliolala, jasho na mafuta ya nazi. Alitoa simu, akawasha tochi.

Midoli. Mirundo na mirundo, hadi darini. Macho ya kioo yakarudisha mwanga.

Bado hakuogopa sana. Wake angeujua tu. Mikono yake ndiyo iliyousuka, na hakuna msusi asiyejua mistari yake. Akainama, akamulika wa kwanza.

Twende kilioni. Mistari sita.

Akamulika wa pili. Mistari sita. Wa tatu. Wa kumi. Akainua tochi juu, akaizungusha godauni zima.

Yote ilikuwa imesukwa.

Yote, kwa mkono wake.

"Najma!" aliita.

Jina likagonga bati, likarudi.

Kisha, kwa pamoja, kutoka kila pembe:

"Abee."

Simu ikamtoka. Sauti zikaanza, moja moja, halafu kama mvua juu ya bati. Mama. Mama. Mama njoo. Mama, mie huyu. Mama usiniache. Alijiziba masikio, akajizibua, maana alihitaji kusikia. Karibu na mguu wake wa kushoto kulikuwa na kilio chenye kwikwi, kilio cha mtoto aliyelia hadi akachoka. Najma akilia hupata kwikwi. Aliinama, akaunyakua mdoli ule pamoja na simu, akakimbia.

Mwanamke wa glavu alikuwa amekaa palepale. Alikuwa amewasha mshumaa. Hakumfukuza. Aligeuza tu daftari upande wa Mwajabu, akamnyooshea kalamu.

"Umetoa mmoja. Sahihi hapa."

Mwajabu akasaini. Hakusoma.

Getini Romani alimtazama mikono. "Umemchukua wako?"

"Wangu."

"Una hakika?"

"Nimesema wangu!"

"Haya. Mbane mtoto naye kifua kwa kifua, hadi atoke jasho. Mama wa juzi alifanya hivyo, mtoto akasema. Zaidi ya hapo sijui. Mie mlinzi tu."

*

Walipomlaza Najma mkekani na kumkumbatisha mdoli, Sekela alishika miguu, Mwajabu akashika mgongo. Mtoto alitokwa na jasho hadi gauni likalowa. Mdoli ukapata kwikwi mara moja, mbili, ukakoma.

Najma akafumbua mdomo.

"Maji."

Sekela akapiga magoti, akamshukuru Bwana. Mwajabu alikuwa anacheka na kulia, kikombe kinamwagika. Mtoto akanywa yote. Akapangusa mdomo kwa kiganja. Akawatazama wote wawili, mmoja mmoja, kwa adabu, kama mgeni.

"Mami yuko wapi?"

Najma hakuwahi kumwita mtu Mami. Na sauti... ilikuwa nzito kidogo, ya mtoto mwenye mafua.

"Mie ndiye mama yako, Najma."

"Mie siyo Najma," alisema mtoto. "Mie Yasmini. Kwetu Tandale, nyuma ya soko. Nirudishe kwetu, mama, Mami atanitafuta."

Sekela aliinuka polepole, akatoka bila kuaga. Mwajabu alibaki na kikombe kitupu. Woga haukuja mara moja. Kilichokuja kwanza kilikuwa hasira, hasira ya mtu aliyepanga foleni siku nne, akafika dirishani, akapewa mzigo wa mwenzake.

*

Asubuhi alikwenda naye Tandale. Najma alikuwa hajawahi kukanyaga huko, lakini walipofika sokoni, kati ya magunia ya viazi na wapagazi waliopiga kelele wapishwe, mtoto alimshika mkono akawa anamvuta yeye. Kushoto. Kulia. Ruka mfereji. Akasimama mbele ya mlango wa kijani.

"Mami! Nimerudi!"

Ndani kitu cha bati kilianguka. Mwanamke alitokea, kanga begani, macho yamevimba. Aliangalia huku na huku juu ya kichwa cha Najma, akitafuta. Hakumwona aliyemtafuta. Mtoto akamkimbilia, akamkumbatia magoti.

"Mami, mbona umekonda?"

Mwanamke yule akakaa chini kizingitini.

Jina lake lilikuwa Zubeda. Ilimchukua muda kuweza kusema, na aliposema hakumtazama Mwajabu. Alikuwa anamtazama mtoto mdomoni.

"Yasmini nimemzika siku ishirini na mbili leo. Alimeza betri ya mdoli. Sie tukadhani mafua, anakohoa tu, tunampa dawa ya kifua. Siku ya nne akatapika damu." Alimfunga mtoto kifungo kilichofunguka. "Mie ndiye niliyezunguka ofisi zote hadi wakatoa lile tangazo. Nilipigwa danadana, dada, we acha tu. Mdoli nikaupeleka Kurasini. Haukuwa umesema kitu. Nikapita mlango mkubwa."

"Naomba nikueleze yaliyotokea," alianza Mwajabu.

"Usinieleze. Nimesikia." Zubeda akamkumbatia mtoto, akanusa nywele zake, akakunja uso, maana harufu haikuwa yake. Hakumwachia. "Mwache alale hapa leo. Usiku mmoja tu. Asubuhi utamkuta."

"Siwezi."

"Usiku mmoja, dada."

"Na wangu?" Sauti ya Mwajabu ilipanda hadi majirani wakachungulia. "Wangu yuko kule gizani saa hizi anamwita nani? Wako nimemsikia, nikamtoa. Wangu nimemwacha mwenyewe, kwa mikono yangu! Kila mlango ninaogonga, mtu ananiambia subiri, njoo kesho. Na wewe unaniambia asubuhi?"

Zubeda alimpa mtoto uji, akamwangalia anywe hadi mwisho. Akamwimbia kidogo. Akamsugua mgongo pale ambapo, yaelekea, Yasmini alipenda kusuguliwa. Jua lilipopita utosi ndipo aliponyanyuka na kujifunga kanga vizuri.

"Nitakwenda na wewe," alisema.

*

Romani aliwaona, akafungua geti bila neno. Mwanamke wa glavu alikuwa mezani. Alipomwona Mwajabu akafungua daftari palepale penye sahihi.

"Nilijua utarudi. Wako hanyamazi. Wenzake wote wamelala tangu jana, yeye anagonga dirisha." Kweli, nyuma ya kidirisha kulikuwa na mlio mdogo wa kugonga, *ko, ko, ko*. "Lakini utaratibu ni huu. Anatoka mmoja, anaingia mmoja. Mrudishe huyo kwanza."

Mwajabu alitoa mdoli wa Yasmini mfukoni. Mtoto alipouona alipiga ukelele na kujificha shingoni kwa Zubeda.

"Mami, sitaki! Mami, usiwaachie!"

Mwajabu alikuwa amejiandaa kwa mengi, si kwa hilo. Mwili ule ulikuwa wa mwanawe, vidole vile alivikata kucha yeye, na vilikuwa vimemng'ang'ania mwanamke mwingine.

"Nipe mie," Zubeda alisema kwa upole. "Mie ndiye mama yake."

Alikaa sakafuni. Akauweka mdoli kati ya kifua chake na cha mtoto, akawakumbatia wote wawili, akaanza kuyumba, mbele na nyuma. Alimnong'oneza mtoto kitu sikioni, kirefu, kama anayeelekeza njia. Kisha akamgeuza uso, akaweka mdomo wake karibu kabisa na mdomo wa mtoto... na akavuta pumzi.

Mtoto akalegea. Akawa kimya.

Mwanamke wa glavu alitoa mdoli mwingine dirishani, akamkabidhi Mwajabu. Mwajabu alimpokea Najma, akambana kifuani na ule mdoli, akangoja. Alingoja muda ambao hakuwahi kungoja kokote, si Kariakoo, si hospitali. Jasho likaanza kumtoka mtoto chini ya nywele.

"Mama," Najma alisema, kwa uchungu wa mtoto aliyesahaulika shuleni. "Mbona umechelewa?"

Mwajabu alilia, uso kwenye nywele za mtoto. Alipoinua kichwa ndipo alipomwona mwanamke wa glavu ameushika mdoli wa Yasmini, ameuweka sikioni. Aliutikisa. Akausikiliza tena.

"Huyu mtupu," alisema.

Yeye na Mwajabu waligeuka. Zubeda alikuwa ameshafika mlangoni, pindo la kanga kalibana mdomoni kwa mkono.

"Wewe mama," mwanamke wa glavu alimwita. "Rudi. Mmoja hajaingia."

Zubeda alitikisa kichwa. Akatoka. Kupitia mlango ulioachwa wazi Mwajabu alimwona akimpita Romani getini, na Romani akimwamkia, na yeye haitikii. Alikuwa anatembea kwa kuruka-ruka kidogo, kama mtoto anayekwepa mistari ya sakafu.

Mwanamke wa glavu aliishika kalamu, akaiweka juu ya daftari. Hakuandika kitu.

*

Najma alirudi kuwa Najma. Alipiga kelele asubuhi hadi jioni na Mwajabu hakumkataza. Anwar aliporudi safari alikuta midoli ya aina zote imepigwa marufuku nyumbani, akasema sawa, hakuuliza. Redioni tangazo lilikoma. Zoezi limekamilika, walisema, tunawashukuru kwa ushirikiano.

Ijumaa ya pili, mchana, Mwajabu alikuwa katikati ya kichwa cha mteja simu ilipoita. Namba ya Zubeda, waliyopeana siku ile Tandale. Aliibana simu begani, mikono ikiendelea kusuka.

"Dada Zubeda, habari za siku?"

Upande wa pili palikuwa na kelele za soko. Kisha sauti, nzito kidogo, ya mtoto mwenye mafua.

"Shikamoo, mama Najma. Mami anasema asante."

Mikono ya Mwajabu ikasimama.

"Yasmini," alisema kwa sauti ya chini, mteja asisikie. "Mwanangu... nipe niongee na mama."

Mtoto alifikiri kidogo.

"Mami hawezi kuongea. Mdomo tunao mmoja, saa hizi zamu yangu."

"Na zamu ya mama ni lini?"

Alisikia wapagazi wakipita na magunia, mtu akipiga mluzi, mtu akiita bei ya nyanya. Alingoja. Simu haikukatwa. Mtoto alikuwa bado pale, anapumua.